Skokiaan: pombe ya magendo kwenye chati za Marekani

Haya, karibuni, kaeni mbele jamani, viti vipo. Leo nawaletea wimbo wa Skokiaan, mwenyewe ni August Musarurwa, mpiga saksofoni wa Bulawayo, Rhodesia ya Kusini enzi hizo, leo Zimbabwe. Bendi yake ilikuwa ya wafanyakazi wa Cold Storage Commission, wale watu wa nyama, na skokiaan ni pombe ya magendo, gongo la kule, polisi wakitokea kila mtu anatafuta pa kutokea. Walirekodi mwishoni mwa miaka ya 40, hamna maneno, ni mdundo wa tsaba-tsaba na saksofoni inayokwaruza balaa, kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg wakaiuza.

1954 santuri ikavuka bahari. Inasimuliwa kwamba rubani mmoja alimpelekea Bill Randle, mtangazaji wa redio pale Cleveland, ikafika imevunjika, jamaa hakukata tamaa, akawasumbua London Records mpaka wakamtafutia nzima, akaipiga hewani, watu wakachanganyikiwa.

Sasa hapa ndo patamu. Zamani zile wimbo ukishika tu kila lebo inakimbilia studio kurekodi ya kwake kabla moto haujapoa, so mwaka huohuo Ralph Marterie akafika namba 3, Four Lads namba 7, na Ray Anthony, Perez Prado, Louis Armstrong nao wamo, wote na wimbo mmoja! Na Billboard, lile jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, halikuwa na chati moja, mauzo ya madukani kivyake, redio kivyake, jukiboksi kivyake, hiyo Hot 100, chati moja ya kuunganisha zote, imekuja 1958. Wenyewe, bendi ya Musarurwa, kwenye santuri wakiitwa Bulawayo Sweet Rhythms Band, walifika namba 17, na kwangu mimi hiyo 17 inaipiku 3 ya Marterie, manake ni santuri ya watu weusi wa koloni, haina hata neno la Kiingereza, inagombania wateja na makopi yake yenyewe.

Kinachonikera ni mashairi. Tom Glazer akaiwekea maneno ya Kiingereza, Four Lads wakaimba Afrika ya raha mustarehe, utadhani tangazo la hoteli, pombe na mbio za polisi vyote vimefutwa. Armstrong naye aliyaimba lakini tarumbeta yake inamwokoa, na 1960 alipokuja ziara huku Afrika alikutana na Musarurwa ana kwa ana.

Fundi, weka ya Four Lads, ikiisha unganisha ya Bulawayo hapohapo, halafu mniambie ipi ingewainua vitini.