Dawa ya Malale na Mgonjwa Asiye na Fedha

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wanaonifahamu watanung'unika kwamba nimeanza tena na malale, nami nitaendelea kuanza nayo hadi watunga bajeti wetu wachoke kunisikia.

Tangu mwaka 1949, kila ugonjwa huu unaoenezwa na mbung'o ulipofika kwenye ubongo wa mgonjwa, ulitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki, ambayo iliunguza mishipa na kuua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliodungwa. Kisha ikaja eflonithini, iliyotafitiwa kwanza kama dawa ya saratani, ikawaamsha hata waliokwisha kupoteza fahamu, na mwaka 1990 Marekani ikaiidhinisha kwa malale ya gambiense, ile aina ya Afrika Magharibi na ya Kati. Kabla muongo huo haujaisha utengenezaji wake ulikuwa umesimamishwa, ingawa dawa haikuwa imeshindwa kazi, kwa kuwa waliohitaji kuponywa walikuwa wanavijiji wa Kongo, Angola na Sudan wasio na fedha za kuinunua. Mwaka 2000 kiambato hichohicho kikaidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza nywele kwenye nyuso za wanawake. Sina ugomvi na wanawake hao, na naomba nisinukuliwe vibaya. Nasema tu kwamba wao walikuwa na fedha. Mwaka 2001, baada ya Madaktari Wasio na Mipaka kupiga kelele kwa muda mrefu, kampuni ya dawa ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa dawa hiyo bure.

Najua kuna atakayesimama kuniambia kwamba kampuni si mfuko wa sadaka na kwamba wenye hisa wanataka faida. Ndugu yangu, hiyo ndiyo hoja yangu! Kwa kuwa kampuni haiwezi kulaumiwa kwa kufuata soko, ni kosa letu kuliachia soko ugonjwa usio na soko, halafu tukapokea msaada ambao hatuna pa kuudai siku utakapokoma.

Feksinidazoli, dawa nyingine ya malale, imeonyesha njia nyingine. Kampuni ya Hoechst iliitelekeza miaka ya 1980; DNDi, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoundwa mwaka 2003, ikaifufua, na kwa fedha za serikali na wafadhili, pamoja na kampuni ya dawa ya Sanofi, ikaijaribu kwa wagonjwa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 2018 Kongo iliidhinisha vidonge hivyo vya siku 10, wakati eflonithini peke yake ilihitaji dripu 56.

Nilikusudia kueleza kwa kirefu habari ya sumu ya nyoka, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Itoshe kusema kwamba Fav-Afrique, dawa iliyotibu sumu ya nyoka wengi wa bara hili, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Waheshimiwa wabunge mliopo hapa, naomba mnijibu: ni fungu gani la bajeti ijayo litakalomhakikishia mtengenezaji kwamba tutainunua akiirudisha?