Ua la Andes na Ndege Mwenye Mdomo wa Upanga

Mabibi na mabwana, mada yangu ni mmea mmoja na ndege mmoja wa Milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Mmea ni Passiflora mixta, jamaa wa mpasheni tunaoupanda kwa ajili ya juisi. Ndege ni Ensifera ensifera, ndege mvumaji ambaye mdomo wake, wenye takriban sentimita 10, unazidi urefu wa kiwiliwili chake ukiacha mkia.

Ua la mmea huu ni la waridi, na urefu wa mrija wake unakaribiana mno na ule wa mdomo huo. Mbochi umekaa kwenye kina cha mrija, mahali ambapo ndege wenye midomo mifupi hawafiki. Mvumaji huyu huelea mbele ya ua, akauzamisha mdomo wote, kisha akanyoosha ulimi. Papo hapo chavua iliyo kwenye mlango wa ua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine. Mdomo huo una gharama zake: hawezi kujisafisha nao manyoya, hivyo hutumia miguu, na akitua huuelekeza juu ili asielemewe.

Wengi huwasifu wawili hawa kana kwamba wanategemeana sawasawa, jambo ambalo mimi silikubali. Ndege hunywa pia kwenye maua mengine marefu, yakiwemo ya Brugmansia sanguinea yanayofanana na tarumbeta, na hula wadudu. Kwa hiyo ua hili likiadimika bondeni, yeye hatalala njaa. Mmea, kwa upande wake, umeweka karibu tegemeo lake lote la uchavushaji kwa mgeni mmoja.

Je, mmea umenaswa moja kwa moja? Hapa ndipo penye utamu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba uhusiano kati ya ndege huyu na kundi la akina Passiflora mixta una umri wa mamilioni ya miaka, lakini pia kwamba ndani ya kundi hilo baadhi ya spishi zimemwacha, zaidi ya mara moja, zikahamia kwa popo au kwa wavumaji wenye midomo mifupi. Passiflora trisecta, kwa mfano, ina maua meupe yanayofunguka usiku, na wachavushaji wake ni popo.