Nani Alimruhusu Huyu Kuruka Peke Yake?

Asanteni sana, kaeni, kaeni. Mabwana na mabibi, walimu wenzangu wa helikopta, na nyinyi vijana mliotoka Soroti asubuhi hii na basi, karibuni. Wengine mshanisikia nikiongea haya Kajjansi na mnajua naelekea wapi, ila ntarudia tu kwa sababu bado naletewa logibuku, yani madaftari ya safari za rubani, ambazo zinaniharibia siku.

Tuanze na kitu kimoja. Kwenye logibuku kuna mistari ya safari, tarehe, ndege gani, masaa mangapi, mlifanya nini. Hiyo ni historia tu. Halafu kuna endosimenti. Hiyo ni mwalimu anasema, kwa jina lake na namba ya leseni yake, mimi nimemfundisha huyu kitu hiki, nimemuona akikifanya, na kwa maoni yangu anaweza kukifanya bila mimi kukaa pale pembeni. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wanavichanganya kila siku. Ni kama barua ya LC1, ile serikali ya kijiji kwetu Uganda, mwenyekiti anagonga muhuri kwamba huyu ni mkazi wangu namfahamu, na kumbe hajawahi hata kumuona, alitumiwa tu elfu kumi na mtoto wa jirani. Benki inaamini ule muhuri, polisi wanauamini. Na sisi tunaamini ile sahihi tunapomkabidhi mtu helikopta.

Sasa niwape kisa cha kijana mmoja, jina siweki. Alisomea nje ya ukanda wetu huu, akarudi nyumbani na leseni na masaa ya kutosha, anataka tumfanyie chekaut, yani tumpime, kwenye R22, ile helikopta ndogo ya Robinson. Nikafungua logibuku. Kila mstari umeandikwa "autorotesheni", yani zoezi la kushuka injini ikiwa haisukumi rota, ukurasa baada ya ukurasa, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, hata mteremko wa herufi haubadiliki, yani unaona kabisa mtu alikaa chini jioni moja akajaza mwezi mzima. Endosimenti ya solo ni muhuri wa shule na neno moja, "anaridhisha". Jina la mwalimu hakuna. Namba ya leseni hakuna. Aina ya helikopta hakuna. Namuuliza, mwanangu, nani alikuruhusu kuruka peke yako? Ananijibu, mzee, sisi tulikuwa tunamwita Kapteni tu. Tukapiga simu shuleni kwao, tukaambiwa huyo mwalimu alishaondoka na rekodi zake hawana.

Tukapaa. Juu kabisa, mahali pa kutosha, nikamwambia nafunga throto, jiandae. Nikafunga, injini ikaacha kusukuma rota. Kijana akageuza kichwa akaniangalia. Kolektivu, ule mkono unaotakiwa kushushwa mara moja ili rota isipoteze mizunguko, iko juu vile vile! Honi ikalia, mimi nikashusha kolektivu, tukarudi.

Mnielewe hapa, maana ndo moyo wa mazungumzo yangu. Honi ya R22 inalia mizunguko ya rota ikishuka asilimia 97. Robinson wenyewe wanasema usishuke chini ya asilimia 80 ukiongeza asilimia 1 kwa kila futi 1,000, ukivuka hapo panga zinapoteza hewa na hazirudi tena, basi, umekwisha. Entebbe yetu hii iko zaidi ya futi 3,700 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa joto ile hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 6,000 hivi. Pigeni hesabu: 86. Kutoka honi mpaka kifo ni asilimia kumi na moja, na rota ya R22 ni nyepesi, ukichelewesha ile kolektivu kama sekunde moja hivi umeshazimaliza. Na huyu kijana logibuku inasema amefanya zoezi hili mara nyingi! Nani amedanganya? Si yeye. Yeye alilipa, pengine mzee wake aliuza shamba, akaamini alichoandikiwa. Alidanganywa na sahihi.

Wamarekani walilijua hili mapema. Mwaka 1995, baada ya ajali za R22 na R44 ambapo panga la rota linakata mwili wa helikopta yenyewe, wakaweka sheria maalum, SFAR 73. Huwezi hata kushika usukani wa R22 kabla mwalimu hajakufundisha hatari zake mkiwa bado ardhini na kuandika kwamba amekufundisha. Mwanafunzi haendi solo kabla ya masaa 20 na mwalimu ndani ya R22 hiyo hiyo. Endosimenti yake ya solo inakaa siku 90 tu, ikipita mwalimu amuone upya asaini upya. Na kwa kanuni zao nyingine, mwalimu mwenyewe anatunza orodha ya aliowasainia kwa miaka 3, ili ukimtafuta umpate.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, lakini mzee si kuna mtahini? Mtahini anamuona siku moja! Anachagua mazoezi machache, hali ya hewa nzuri, kijana amekariri. Wewe mwalimu ndo umekaa naye wakati wa upepo mbaya, wakati amechoka, unajua mkono wake unaganda wapi.

Mwingine atasema sisi walimu tunalipwa kwa saa, nikimkatalia anahamia kwa mwenzangu. Hii inaniumiza kweli, na ni kweli inatokea, na walimu wengi wa helikopta ni vijana wanaotafuta masaa yao waende kwenye helikopta kubwa za injini ya turbini. Kwa hiyo nasema hivi, ukikataa kusaini, KUKATAA KWAKO PIA KUANDIKWE. Andika sijaridhika na autorotesheni, anachelewa kushusha kolektivu, weka jina na tarehe. Mwenzako akitaka kumsainia kesho, asaini chini ya maneno yako, akijua umesema nini. Shule ikikuzuia kuandika hivyo, ondoka hapo, mimi nakwambia ondoka.

Ya mwisho nayaharakisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Logibuku za kompyuta ni nzuri, ila zifungwe ukishasaini, kurudisha tarehe nyuma ni kughushi hata kama ni kwenye tableti. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka masaa 40 kwa leseni binafsi ya helikopta na 10 kati yake solo, sawa, lakini hizo ni za chini kabisa, si tarehe ya kuhitimu. CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Afrika Mashariki, wako Entebbe hapo, kazi yao ni kupatanisha kanuni zetu Afrika Mashariki, naomba wapatanishe pia maneno ya endosimenti yawe mamoja kutoka Nairobi hadi Kigali. Nilitaka kusema kuhusu safari ndefu za solo, hiyo tuiache.

Tunaenda chai sasa. Vijana, wenye logibuku kwenye mabegi zileteni pale meza ya mbele, tufungue ukurasa wa solo, na ambaye mwalimu wake hakuweka jina na namba ya leseni ampigie simu leo, kabla hajarudi kuruka.