Ratili, Wakia na Kilo: Kugeuza Uzito Bila Kumpunja Mkulima

Mabibi na mabwana, makarani wa mizani, viongozi wa vyama vya ushirika mliotoka Sironko, Bududa na Manafwa, karibuni.

Kahawa yenu ya arabika hupimwa kwa kilo hapa Mbale, lakini bei yake ya dunia hutajwa New York kwa senti za dola kwa kila ratili, ile ambayo wengi wenu mnaiita paundi. Robusta ya wenzetu wa Masaka hutajwa London kwa dola kwa kila tani ya kilo 1,000. Karani wa arabika ana hesabu moja zaidi ya kufanya, na humo ndimo pesa za mkulima hupotelea.

Tuanze na namba yenyewe. Kwa makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ratili moja ni kilo 0.45359237 kamili. Hayo si makadirio. Ndiyo maana yake. Ukigeuza upande wa pili, kilo moja ni ratili 2.20462. Ratili ina wakia 16, kwa hiyo wakia moja ni gramu 28.35.

Ukiwa huna kikokotoo, zidisha kilo kwa mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu. Gunia la kilo 60: 120, ongeza 12, unapata ratili 132. Jibu sahihi ni 132.28. Kurudi, gawa ratili kwa mbili, kisha toa sehemu ya kumi: ratili 100 zinakuwa 50, toa 5, zinabaki kilo 45. Jibu sahihi ni 45.36. Njia ya kwanza inapungukiwa kwa asilimia 0.2 hivi, ya pili kwa asilimia 0.8. Kwa mazungumzo zinatosha. Kwa ankara hazifai kabisa. Chukua kontena la magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200: ukitumia 2.2 unapata ratili 42,240, na hesabu sahihi ni ratili 42,329. Ratili 89 zimeyeyuka, karibu kilo 40 za kahawa safi, na hakuna aliyeiba.

Sasa sikilizeni hapa, maana hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Uzito na bei hugeuzwa kwa kwenda pande zinazopingana. Ukiwa na ratili na unataka kilo, unazidisha kwa 0.4536, na namba inapungua. Ukiwa na bei ya ratili na unataka bei ya kilo, unazidisha kwa 2.20462, na namba inaongezeka, kwa sababu kilo ni kubwa kuliko ratili na lazima iwe ghali zaidi. Tuseme New York wametaja senti 200 kwa ratili. Mara 2.20462 ni senti 440.9, yaani dola 4.41 kwa kilo. Tuseme dola ni shilingi 3,700: ukibeba tarakimu zote bila kukata, ni shilingi 16,314 kwa kilo, kabla ya kutoa gharama za kukoboa, usafiri na mengineyo. Karani aliyezoea 0.4536 akiitumia kwenye bei atapata shilingi 3,357. Mkulima amebakiwa na karibu sehemu moja kati ya tano, na karatasi inaonekana safi! Kila mara jiulizeni: je, bei ya kilo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya ratili? Kama si hivyo, rudieni.

Anayetaka kulinganisha na robusta azidishe senti za ratili kwa 22.0462 apate dola za tani. Senti 200 ni dola 4,409 kwa tani. Msikate tarakimu katikati ya hesabu. Kateni mwishoni, kwenye jibu la mwisho tu.

Kuhusu tani, mnunuzi akiandika neno hilo peke yake kwenye mkataba, mrudishieni aandike kilo. Tani ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907.18. Tani ya zamani ya Uingereza ni ratili 2,240, yaani kilo 1,016.05. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya karibu kilo 109.

Wenye ndugu wanaochimba dhahabu Busia wawapelekee neno hili: wakia ya dhahabu si wakia ya jikoni. Ni gramu 31.1035. Bei ya dunia ikitajwa kwa wakia, gawa kwa 31.1035 upate bei ya gramu. Ukigawa kwa 28.35, bei itazidi kwa karibu asilimia 9.7, na muuzaji atasubiri pesa ambazo hazipo.

Mizani ya kielektroniki nayo ina kitufe cha kubadilisha kipimo, na kidole kikikigusa, kilo hugeuka ratili bila kelele. Kabla ya gunia la kwanza weka jiwe la kilo 20 lililohakikiwa. Ikisomeka 44.1, mizani iko kwenye ratili. Angalia pia kama stika ya uhakiki ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, haijapitwa na muda.

Kwenye zahanati kosa hilohilo ni la hatari zaidi. Mtoto wa kilo 10 mizani itamsoma 22 ikiwa kwenye ratili. Parasetamoli hupewa kwa miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo dozi yake ni miligramu 150. Muuguzi akidhani 22 ni kilo ataandika 330. Kwa hiyo mizani ya watoto ifungwe kwenye kilo, na anayeandika uzito kwenye kadi aandike "kg" kando ya namba palepale, kabla mtoto hajashuka.