Simu Ishushwe Hadi Kisiginoni: Utengamao kwa Video Kanda ya Ziwa

Ndugu Mwenyekiti, wataalamu wenzangu, nanyi wenye ulemavu mliolazimika kupanda ngazi za ukumbi huu: sitaanza na watu bilioni 2.4 ambao Shirika la Afya Duniani linasema wangenufaika na utengamao, yaani huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu, kwa kuwa kila mkutano huanza nao na kuwaacha walipo.

Hoja yangu mmeshaichoka. Tunaizungumzia huduma kwa simu ya video kana kwamba ni hospitali iliyopungukiwa, ilhali inatupa kitu ambacho hospitali haina, yaani nyumba ya mgonjwa. Mzee mmoja wa Bugarika, jijini Mwanza, aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi, aliruhusiwa akiwa anatembea vizuri juu ya vigae vya wodi. Tulipompigia simu ya video alikuwa ameketi na shati lililopigwa pasi, akitusalimu kwa bashasha. Nikamwomba binti yake aachane na uso wa baba, ashushe simu hadi kisiginoni, kisha amfuate kuelekea chooni. Njia ilishuka kwa vidato vitatu vya mawe, na jabali la kujishikilia lilikuwa kulia, upande wa mkono usioshika. Kushuka alijua kutanguliza mguu dhaifu, na kupanda kutanguliza ule mzima. Kilichokosekana ni pa kushika. Vijana wa nyumbani wakachimbia miti miwili upande wa kushoto na kuifungia ufito, na mzee akaacha kusindikizwa chooni. Wakati wa kurudi jabali lilikuwa kushoto, kwa hiyo halikumsumbua. Vigae vingeyaonyeshaje haya?

Yupo atakayesimama kuniambia kuwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ni kazi ya mikono. Ni kweli: ukakamavu wa misuli haupimwi kwa kioo cha simu, tathmini ya kwanza ifanyike ana kwa ana, na aliyevimba ghafla shavu la mguu aende hospitali badala ya kuniwashia kamera. Lakini huyo anayenipinga anieleze kwa nini mgonjwa wa Ukerewe avuke ziwa na msindikizaji, kwa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, ili tu ainue mguu mara kumi mbele yangu.

Bima, faragha na wakalimani wa lugha ya alama vinahitaji siku yake. Kuhusu bando, gharama ibebwe na kituo kinachopiga. Na mtandao ukigoma, video fupi iliyorekodiwa nyumbani na kutumwa jioni itatuonyesha hatua za mgonjwa, mradi anayerekodi aishike simu usawa wa goti.