Chema Hakijiuzi: CV, Barua ya Maombi na Mpango wa Kazi Ukiwa Bado Masomoni

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sitoki nje, sina mandhari ya kuwaonyesha, na kama mnavyoona hata chumba sijakipanga. Nimekaa mezani na karatasi tatu tu. Ya kwanza ni CV niliyokuja nayo Marekani nilipoanza uzamili. Ya pili ni ile iliyonipatia kazi. Ya tatu ni barua ya maombi ambayo kila nikiisoma natamani kujificha chini ya meza hii.

Kuna mdogo wangu mmoja anayefuatilia video hizi ameniandikia. Anaanza uzamili mwezi ujao. Anasema, "Dada, kwa sasa nataka nisome kwanza, mambo ya CV nitayafikiria nikikaribia kumaliza." Nilicheka, na si kwa dharau. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, vilevile, kwa mama yangu kwenye simu. Na nyuma yake kuna methali tuliyokua nayo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yaani wewe soma, faulu, tulia, watakufuata wenyewe.

Niliipa methali hiyo miezi minne ifanye kazi yake. Nilituma maombi sitini na kitu. Hakuna aliyenifuata.

Haya, tuanze na hii CV. Ngoja niisogeze kwenye kamera... mnaiona? Kurasa nne. Juu picha yangu, halafu tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini. Nusu ukurasa umekwisha na msomaji bado hajajua naweza kufanya nini. Niliipeleka kwa mshauri wa ajira pale chuoni, mama mmoja mtaratibu sana, akachukua kalamu akaikata sehemu yote ya juu bila kusema neno. Nikadhani ananionea. Kumbe kuna sheria nyuma yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri hapa kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na nyingine ya mwaka 1967 inawalinda wenye miaka 40 na zaidi. Kwa hiyo waajiri wengi hawataki hata kuyaona hayo mambo, wasije wakaambiwa ndiyo waliyoyatumia kukukataa. Ujerumani nako picha ilikuwa jambo la kawaida kabisa, na tangu sheria ya usawa ya mwaka 2006 waajiri wengi wameacha kuidai, ingawa watu bado wanaiweka. Kabla hujaandika chochote, jua karatasi inakwenda nchi gani.

Jingine lililonichanganya ni majina yenyewe. Marekani, CV na rezume ni vitu viwili. CV ni ya wanaotaka kubaki vyuoni: machapisho, makongamano, masomo uliyofundisha, ruzuku ulizopata, na inarefuka kadiri unavyozeeka. Rezume ni ya kazi nyingine zote, ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili, na unaikatakata upya kwa kila nafasi. Uingereza wao wakisema CV wanamaanisha ile fupi. Tangazo la London na tangazo la Chicago yote yanaweza kukuambia "tuma CV" na kila moja likawa na lake kichwani.

Halafu kuna mashine. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kupitia programu inayoyasoma na kuyapanga kabla mtu hajayagusa. Mimi nilikuwa nimepakua muundo mzuri kweli, safu mbili, vialama vya simu na nyumba, vijiduara vya kuonyesha nina kiwango gani cha Kiingereza. Fanyeni jaribio hili nililofundishwa: nakili maandishi yote ya rezume yako, yabandike kwenye ukurasa mtupu usio na mapambo. Yangu yalitoka namba ya simu imekaa katikati ya jina la shahada, na kazi ya mwaka huu imeungana na shule ya sekondari. Hivyo ndivyo mashine inavyoweza kukusoma. Safu moja, vichwa vya kawaida, basi.

Ukishapita kwenye mashine unakutana na binadamu aliyechoka. Kampuni ya Ladders, yenye tovuti ya kutafutia kazi, ilipima mwaka 2018 macho ya waajiri yanavyotembea juu ya rezume, ikapata wastani wa sekunde 7.4 kwa mtazamo wa kwanza. Miezi minne ya kungoja, na kumbe kila karatasi ilipewa muda wa kupiga chafya mbili.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo nilipoumia. Yule mama alifika kwenye mstari huu, nausoma kama ulivyo: "Nilihusika katika mradi wa takwimu za wagonjwa wa kisukari." Akaniuliza, "Ulihusika vipi? Ulikuwa unapanga viti?" Nikaanza kumweleza: tulikusanya rekodi, tukazisafisha, tukachambua. Akanikatiza. "Nani?" Nikasema, sisi. "Sisi akina nani?" Ukweli ni kwamba nilikesha peke yangu na zile rekodi kwa wiki sita. Lakini mdomo wangu unasema "tu" hata pale ambapo hapakuwa na mtu mwingine. Tumelelewa hivyo, kusema "nilifanya" kunasikika kama majigambo. Niliandika kwa Kiingereza, lakini niliwaza kwa "tu". Na mwajiri haajiri "tu", anaajiri "ni".

Mstari ule tuliuandika upya mara tano. Ulitoka hivi: "Nilisafisha rekodi 12,000 za wagonjwa kwa R, nikaandika programu iliyofupisha kazi ya siku mbili ikawa ya saa tatu." Ni mradi uleule, sikuongeza chumvi. Kilichoongezeka ni kitendo, chombo nilichotumia (hiyo R ni lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu), na kilichobadilika kwa sababu nilikuwepo. Neno "nilihusika" lifuteni leo hii kwenye CV zenu. Linamficha mvivu na mchapakazi kwenye kivuli kimoja.

Na msiniambie "dada, mimi mwanafunzi, sina uzoefu." Tasnifu ni kazi. Ina bajeti, tarehe ya mwisho, watu wa kuwabembeleza na data zisizotaka kutii. Kusahihisha mitihani ya wanafunzi arobaini kila wiki mbili ni kazi. Ila msidanganye. Mimi niliandika najua SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, kwa sababu nilitazama mafunzo yake Jumapili moja. Kwenye usaili nikaombwa kuunganisha majedwali mawili, jambo la mwanzo kabisa. Nilikaa kimya mpaka yule kaka akanihurumia akasema, "Tuendelee na swali jingine." Hakukuwa na swali jingine la maana baada ya pale.

Karatasi ya tatu. Barua. Inaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa..." Nimehesabu, neno "mimi" na ndugu zake limo mara ishirini na tatu. Jina la taasisi niliyoiomba kazi limo mara moja. Na nililikosea herufi.

Tuliza moyo, nikupe mfano wa mtu aliyeandika vizuri kuliko sisi wote. Takriban mwaka 1482, Leonardo da Vinci, akiwa na miaka kama thelathini, aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Wewe ungekuwa Leonardo ungeanza na nini? Uchoraji, bila shaka! Yeye akaanza na madaraja mepesi ya kubebeka ambayo jeshi linaweza kuvukia. Akaja kwenye kukausha maji ya mahandaki ya ngome, mizinga, magari yaliyofunikwa ya kuingilia katikati ya maadui. Hoja moja baada ya nyingine, za vita tupu. Kuchora na kuchonga kumekaa mwishoni, kwenye sehemu ya mambo ya wakati wa amani. Kwa nini? Kwa sababu Sforza hakuwa akikosa usingizi kwa ajili ya picha. Alikuwa akiwaza maadui.

Hiyo ndiyo barua. Inajibu kinachomnyima usingizi anayeisoma. Sasa naandika aya tatu tu. Kwanza tatizo lao kama nilivyolielewa kutoka kwenye tangazo na kazi walizowahi kufanya. Pili, jambo moja, mawili yakizidi, nililowahi kulitatua linalofanana na hilo. Tatu, ninaweza kuanza lini na nashukuru. Rezume usiirudie kwenye barua, wanayo. Na hizi programu za akili bandia, zitumie kusahihisha sarufi, sikatai. Lakini zikikuandikia yote, barua yako itakuwa na harufu ya barua nyingine mia zilizoko kwenye lundo lile.

Na jina? Najua mnalingojea swali hili, maana naulizwa kila mara: nibadilishe jina langu kwenye rezume? Siwafichi. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao walituma rezume karibu 5,000 za kubuni kwa matangazo ya kazi Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina tu ndiyo tofauti. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu walipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi. Asilimia 50, kwa jina tu. Mimi jina langu nimelibakiza, nililipewa na bibi. Aliyebadilisha lake sitamlaumu hata kidogo, maana kodi ya nyumba haijui jina la bibi.

Lakini utafiti ule ulinifundisha kwamba karatasi inayofika bila mtu wa kuisemea inapanda mlima. Kwa hiyo nikaanza kutafuta watu, na si wale niliowazoea. Mwanasosholojia Mark Granovetter, mwaka 1973, aliandika kuhusu watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakikutana na mtu huyo mara nyingi walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walikutana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra sana. Ukifikiri, ni sawa kabisa: rafiki yangu wa chumbani anasikia yaleyale ninayoyasikia mimi. Aliyeko mbali kidogo ndiye mwenye habari mpya.

Ninavyofanya: namtafuta mtu aliyesoma nilichosoma, yuko mbele yangu miaka mitatu minne, naomba dakika ishirini. Siombi kazi! Naomba anieleze siku yake ya Jumanne ilivyokuwa, nini angejifunza mapema zaidi, na nani mwingine nizungumze naye. Tangazo la kazi niliyonayo sikuliona popote. Alinitumia dada mmoja niliyeongea naye mara mbili maishani.

Sasa mpango. Nitaupitia haraka kwa sababu watu wanaupamba sana, rangi, mishale, miaka kumi mbele. Kama hujui hata pa kuanzia, kuna zana ya bure mtandaoni inaitwa myIDP, ilianzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi wa ngazi za juu. Inakuuliza unajua nini, unapenda nini, unathamini nini, halafu inakulinganisha na njia za kazi ishirini. Maswali yake ni mazuri, majibu yake usiyafanye msahafu. Mimi zaidi nilisaidiwa na kitu rahisi: muhula wa kwanza kusanya matangazo ishirini ya kazi unazozitamani, hata kama hufikii vigezo, upigie mstari kila ujuzi unaojirudia. Ule unaojirudia mara kumi na tano ndio uutafutie somo la hiari muhula ujao. Nafasi nyingi za mafunzo ya kazini za kiangazi kwenye kampuni kubwa za hapa hutangazwa tangu msimu wa vuli uliotangulia. Mimi nilianza kutafuta mwezi wa nne, nikakuta milango imefungwa.

Wanaokuja Marekani kwa F-1, ile viza ya wanafunzi, kalenda yenu ina jino. Kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, OPT, kinaombwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu hadi siku 60 baada yake. Kinadumu miezi 12, wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuomba 24 zaidi, na ndani ya ile 12 ya mwanzo huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya jumla ya siku 90. Kanuni hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, msitegemee video ya dada yenu. Ila mnaona kwa nini "nikikaribia kumaliza" ni kuchelewa.

Ah, wadhamini! Msimwombe profesa barua ya kuwapendekeza siku tatu kabla. Na muulizeni hivi: "Utaweza kuniandikia barua nzuri?" Akisitasita, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Basi, mdogo wangu, ukifika huko fungua faili moja, na kila Ijumaa tumia dakika kumi kuandika ulichofanya wiki hiyo, pamoja na namba zake. Kwa "ni", si kwa "tu". Langu nimelifungua asubuhi kabla ya kurekodi. Mstari wa kwanza unasema: "Nimejifunza kufungua data bila kuiharibu." Huo haukufika kwenye rezume. Wa kumi na moja ndio ule wa rekodi 12,000.