Tovuti ya fundi wa AC Malindi: kila kazi na ukurasa wake

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Nimezima feni isivume kwenye maiki, na hii ni kaskazi, kwa hivyo mtaniwia radhi nikijifuta jasho. Joto hili hili ndilo limenifanya leo nichukue mfano wa fundi wa AC. Miezi hii Malindi usingizi ni wa kubahatisha. Mtu anashika simu saa sita usiku, anaandika "fundi wa AC Malindi", na atakayemwona juu ndiye atakayempigia asubuhi. Nataka awe wewe.

Kununua jina la .co.ke, kuweka WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, kuchagua muundo mwepesi, hayo ni ya dakika chache, siyarudii. Twende kwenye mpangilio.

Kwanza funga kompyuta, chukua daftari. Andika kila kazi unayoifanya kwa maneno ya mteja, yale anayokwambia akipiga simu. Hakuna mteja anayesema "nahitaji suluhisho la upoozaji". Anasema AC inavuja maji. AC haitoi baridi. Nataka kujaza gesi. Nataka kuoshewa AC mbili kabla wageni hawajafika. Hayo ndiyo maneno anayoyaandika Google pia, na kila moja kati ya hayo litakuwa ukurasa wake peke yake.

Naomba hapa mnisikilize, kwa sababu ndipo tovuti nyingi za mafundi wetu zinapozama. Utakuta ukurasa mmoja tu, "Huduma zetu", una mistari kumi: kufunga, kuosha, kutengeneza, kujaza gesi, friji, na kadhalika. Google haimpi mtu tovuti nzima, inampa ukurasa. Anayeuliza kuhusu AC inayovuja atapewa ukurasa unaozungumzia AC inayovuja mwanzo hadi mwisho, na mstari wako mmoja wa orodha utabaki chini.

Sasa fungua kompyuta. Tunatengeneza ukurasa wa kuvuja. Anwani yake iwe fupi: ac-inavuja-maji, basi. Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea Google, andika "AC inavuja maji? Fundi Malindi na Watamu", halafu jina la biashara. Usikirefushe, Google itakikata. Ndani ya ukurasa, kichwa kikubwa kimoja tu. Na ile sehemu ya zamani ya kujaza maneno muhimu kwa siri, iache kabisa. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitazami katika kupanga matokeo.

Maandishi yenyewe, mweleze mtu kama umekaa naye barazani. Mwambie mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba, au filta imejaa vumbi hadi koili ikaganda barafu, na barafu ikiyeyuka ndiyo hayo maji ukutani. Mwambie azime AC, atoe filta, aitazame. Wengine wanaogopa kutoa siri ya kazi. Mimi naona kinyume chake: mtu aliyeona unajua unachosema ndiye atakayekuita. Weka bei ya kuanzia kama unaweza. Weka picha za kazi yako mwenyewe, tena uzipunguze kabla ya kuzipandisha. Picha mbichi ya simu ina megabaiti kadhaa, na Google inataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Toleo linalokaguliwa ni lile la simu, kwa hivyo tazama kazi yako kwenye simu.

Adhana hiyo, tungoje kidogo.

Haya, tumerudi. Hapa nakwenda polepole makusudi. Ingia kwenye dashibodi ya WordPress, Settings, kisha Reading. Teremka hadi chini kabisa. Mnakiona kisanduku hiki kidogo? Kinaziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti yako kwenye orodha zao. Wakati wa kujenga tunakitia tiki ili kazi isionekane nusunusu. Siku ya kuifungua tovuti lazima tiki itoke. Lazima.

Niliwahi kumtengenezea fundi mmoja wa hapa tovuti nzuri, kurasa tisa, picha safi, nikamkabidhi na tiki imo. Wiki sita za kaskazi, msimu wake wa riziki, Google haikumwonyesha kwa mtu yeyote. Nilipogundua nilimrudishia pesa zake zote, na bado ule msimu haurudi. Kwa hivyo toa tiki, bonyeza hifadhi, pakia ukurasa upya, utazame tena kama imetoka kweli. Tutarudi hapa kabla ya kumaliza.

Sasa maeneo. Unafanya kazi Malindi, Watamu, Gede, Mambrui. Watu huandika ukurasa mmoja wakaunakili mara nne, wakabadilisha jina la mji tu. Usifanye hivyo. Google inazihesabu kurasa za namna hiyo kuwa hila, na inaweza kuziangusha. Tengeneza ukurasa wa eneo pale tu unapokuwa na la kusema kuhusu eneo hilo. Watamu una la kusema: nyumba ziko karibu na bahari, upepo wa chumvi unaila mashine ya nje, kwa hivyo inahitaji kuoshwa mara nyingi zaidi. Mambrui uko ng'ambo ya Mto Sabaki, eleza gharama ya safari. Gede wengine huandika Gedi kwa i, basi ndani ya maandishi yatumie majina yote mawili mara mojamoja.

Na ninyi wa Shella! Andikeni "Shella, Malindi" kila mahali. Shela nyingine iko Lamu, na simlaumu mashine kuchanganya, hata binadamu wanachanganya.

Wenye majumba wengi huku ni Waitaliano. Kama wateja wako ndio hao, watengenezee kurasa kamili za Kiitaliano zenye anwani zao, zilizoandikwa na mtu anayekijua Kiitaliano, na hapa Malindi hawakosekani. Namba ya simu ianze na +254, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kupiga akiwa Milano.

Namba hiyo hiyo, jina hilo hilo, tahajia hiyo hiyo, ndivyo viende kwenye Wasifu wa Biashara wa Google, ile kadi ya biashara yako inayotokea kwenye Google na kwenye ramani yake. Ni bure. Google yenyewe inasema matokeo ya karibu nawe inayapanga kwa mambo matatu: unavyolingana na kilichotafutwa, umbali wako, na unavyojulikana. Kama huna duka na unawafuata wateja majumbani, ficha anwani, taja maeneo unayohudumia. Mwisho ni 20. Na kama ulikuwa na ile tovuti ya bure ya ndani ya wasifu, zilifungwa Machi 2024, kwa hivyo hakikisha kiungo kinakwenda kwenye tovuti yako mpya.

Sasa skima. Ni maandishi yaliyojificha yanayoiambia mashine wewe ni nani. Kwenye programu-jalizi ya skima, ile nyongeza unayoiweka ndani ya WordPress, chagua aina ya biashara. Mafundi wa AC wana aina yao, HVACBusiness. Jaza jina, simu, saa za kazi, halafu mahali, yaani latitudo na longitudo: 3.22, na 40.12... Ngoja. Ngoja, hapana. Sogezeni macho hapa. Nimesahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hivyo namba ya kwanza ni kutoa 3.22. Bila hiyo alama fundi wetu wa Malindi amehamia huko kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Sitaikata sehemu hii ya video, nataka mwone jinsi ilivyo rahisi kukosea. Haya, kutoa 3.22. Hifadhi.

Ukurasa wa mwanzo uwe na viungo vya kwenda kila kazi na kila eneo, na ukurasa wa kuvuja uwe na kiungo cha kwenda wa kuosha, kwa sababu mteja wake ni mmoja. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote ni chumba kisicho na mlango.

La mwisho, fungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, thibitisha tovuti ni yako, kisha uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress huitengeneza yenyewe: andika wp-sitemap.xml baada ya jina la tovuti yako. Baada ya hapo ni subira, siku kadhaa au wiki.

Na sasa kabla hujafunga, Settings, Reading, chini kabisa. Tiki haimo? Pakia upya. Haimo? Alhamdulillahi.

Wanaotaka niwajengee, namba iko chini ya video. Mimi nawasha feni.